Kahawa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu bila mke. Kandambili zake bado ziko chini ya kitanda, zimeelekea mlangoni. Alirudi kwa mama yake siku niliyouza cherehani yake ili ninunue mtambo wa kukaangia kahawa. Mtambo uliunguza gunia la kwanza, kisha ukajiunguza wenyewe. Kosa langu liko wapi?

Kizuizi ni mama mkwe. Anakaa mlangoni kutwa, na kahawa ndiyo inayomweka macho. Mpango: nimpelekee kahawa isiyo na nguvu. Atasinzia, nitapita, nitazungumza na mke wangu.

Muuza buni alikuwa na aina mbili. Moja nyeusi tii, inang'aa mafuta. Nyingine punje ndogo za mviringo, rangi ya udongo mkavu. Nikachagua hizo zilizopauka. Muuza buni akasema rangi inaonyesha tu buni imekaa motoni kiasi gani. Hizi ndogo ni robusta, kafeini yake karibu mara mbili ya zile nyeusi, arabika. Nikamwambia anazungumza na mtu aliyewahi kumiliki mtambo. Akanipimia.

Jumanne, 5 Machi
Nilichemsha birika zima, nikammiminia mama mkwe kwenye kikombe kikubwa kuliko vyote. Maji mengi, nguvu kidogo! Akanywa viwili. Hakusinzia. Alikumbuka. Alianza na viatu vya kuazima nilivyovaa siku ya harusi, akapitia sungura wangu waliokufa wote, akafika kwenye cherehani.

"Hebu niambie, mwanangu. Uliiuza ukiwa macho au usingizini?"

Nikasema macho.

"Basi hata kahawa haikusaidii."

Mke wangu alipita na ndoo. Hakugeuza shingo.

Jumatano, 6 Machi
Nimemkuta fundi suruali kwa mama mkwe, amekalia kigoda nilichokalia jana! Ni jirani yao, mpole kupita kiasi, na ndiye aliyemwazima mke wangu cherehani nyingine. Alimpa mama mkwe kikombe kidogo cha kahawa chungu kama dawa, mafunda mawili tu. Mama akalala mdomo wazi. Fundi akaingia ndani kuzungumza na mke wangu. Kuhusu zipu, ati.

Alipotoka nilimuuliza siri yake. Akasema hakuna siri, shemeji: kikombe kidogo, hata kiwe kikali vipi, kafeini yake haifikii ya vile vidumu vyako viwili. Tena mama wa watu hulala kila mchana asiposumbuliwa. Mtu huyu anaficha kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelijua kosa. Moto! Moto ndio unaoamsha kafeini. Tangu jana nilikuwa nimeroweka buni iliyosagwa kwenye maji baridi, nusu mtungi buni, nusu maji. Mama mkwe alisifu: haina uchungu, inateleza yenyewe. Akamaliza.

Akafua mapazia. Akatoa vyombo vyote kabatini. Akahamisha kochi, mimi nikishika upande wa pili, mpaka likarudi lilipokuwa. Kisha akakaa ghafla, mkono kifuani, akasema yeye amekaa lakini moyo bado unakimbia. Muuguzi wa nyumba ya pili akaja, akampa maji, akabaki naye hadi ukatulia.

Mke wangu akanijia. Maneno yake ya kwanza tangu aondoke: "Unataka kuniulia mama?"

Tumeanza kuzungumza!

Ijumaa, 8 Machi
Nimepigwa marufuku kukanyaga pale. Mdogo wake mke wangu ameleta ujumbe, akausemea nje, hakutaka kuingia. Dada yake amepata kazi kwa fundi suruali. Jumapili atakuja kuchukua pasi yake, ile ya chuma. Akiikuta rafuni alipoiacha, atakaa chini na kunisikiliza. Asipoikuta, hatakaa, wala hatarudi tena. "Na tafadhali, shemeji, kasema usimpikie chochote."

Nimeitazama pasi. Ipo! Nimekaa nayo hadi giza likaingia. Chumba kimekuwa kikubwa kuliko mtu mmoja.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza tangu asubuhi. Mtu wa kukaa na kukusikiliza lazima awe na moyo uliotulia. Kumbe muuza buni anayo kahawa iliyotolewa kafeini! Arabika safi, ndani ya kopo la bati. Siku zote hizi amenyamaza. Anasema sikuuliza. Bei yake ya wizi, na mfukoni mwangu mlikuwa na funguo tu.

Nimezunguka chumba. Kitu cha thamani kilikuwa kimoja.

Mnunuzi wa vyuma alisifu uzito wake.

Kopo nimeliweka palepale rafuni. Limeziba karibu sehemu yote ambayo haikuwa na vumbi. Kesho maji nitayachemsha mapema.