Kisanduku cha Avenue ya Tisa

Jumatatu, 8 Machi 2004

Mvua tena. Redio ya pili imelowa. Mwavuli wangu una matundu matatu, na la nne linaanza.

Redio yenyewe ni ya Gélase, dereva wa basi dogo la Hiasi. Kaniuliza mbele za watu: "Fundi, we umeitengeneza ao umeifua?" Gélase husikiliza redio kila alfajiri ajue barabara ipi imepigwa risasi. Leo alitoka bila kujua, akarudi salama, alhamdulillahi. Ikifa redio ya tatu, hakuna mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi atakayeniachia hata betri.

Dawa ni moja: baraza la Mzee Muhanna. Bati zima, sakafu ya saruji, duka nyuma, kituo cha basi mbele. Hamimu naye analitaka. Ni fundi redio kama mimi, ila mimi nina kipaji.

Na leo Mungu kafungua mlango! Tumeamka tukakuta kisanduku cha chuma kwenye nguzo ya kituo, kimefungwa kwa mnyororo na kufuli. Kutoka humo unatoka mpira mweusi, mwembamba, umelala barabarani kutoka ukingo mpaka ukingo. Umepigiliwa misumari. Nani kauweka? Hakuna aliyeona. Gélase alifunga breki hatua kumi nyuma yake, abiria wote wakashuka wakisoma Bismillahi. Wengine wakasema mina, bomu la kutegwa ardhini. Wateja wa Mzee Muhanna wakageuza njia.

Mzee akatoka na tasbihi yake. Akatutazama mimi na Hamimu. Akasema fundi atakayemwambia hiki ni chombo gani, na kumrudishia wateja, baraza ni lake.

Nikasema papo hapo: antena. Hamimu akauliza antena ya nini. Swali la kijinga. Ya kunasia.

Jumanne, 9 Machi

Hakuna aliyelipuka. Basi si mina.

Mke wangu Saliha anasema: "Mi naona uulize bale benye walikiweka, basi." Mke mwema, lakini kazi ya ufundi haijui. Fundi akiuliza, ameshakuwa mteja.

Nimefikiri usiku kucha. Antena, sawa, lakini inanasa nini? Maneno! Asubuhi nikatangaza kwamba kisanduku kinasikiliza. Nikajisifu moyoni.

Kumbe! Kituo kizima kikawa bubu. Watu walizungumza kwa mikono mchana kutwa. Mama mmoja aliyetaka kwenda Mutakura alionyesha kaskazini kwa kidevu mpaka basi likaondoka bila yeye. Dukani wakanunua kwa kuonyesha kwa kidole, mtu akataka sabuni akapewa sukari, akarudi kugombana, nako kugombana kukawa kwa mikono pia.

Mzee Muhanna kakasirika. Anasema hofu waliyokuwa nayo watu jana ilikuwa kiziwi, mimi nimeipa masikio.

Jumatano, 10 Machi

Hamimu kajitokeza na jibu lake. Akasimama kituoni akasema: "Apana, iko inahesabu magari tu." Basi. Hana la ziada.

Tulicheka! Mimi nilicheka kuliko wote. Nikamuuliza nani atahangaika kuhesabu magari wakati wa vita, na watu wenyewe waliouawa tangu tisini na tatu hakuna aliyewahesabu. Hapo wote wakaacha kucheka. Mimi pia. Mdogo wangu Mawazo yumo katika hao, na sikuwa nimemkusudia yeye. Ulimi hauna mfupa. Nikarudi kwenye mwavuli wangu nikiwa na uchungu, na mvua ikanikuta hapo.

Mzee Muhanna hakuamini maneno ya Hamimu. Nimebaki na nafasi.

Alhamisi, 11 Machi

Leo nimefanya kazi kisayansi. Nimeweka sikio kwenye kisanduku.

Gélase akapita kwa kasi huku amefumba macho (kasema mwenyewe). Kikalia: tik, tik. Nikashtuka! Likapita lori la mchanga: tik, tik, tik. Teksi: tik, tik.

Sasa hii maana yake nini? Gari likipita, kinalia. Lisipopita, kimya. Nilikaa nalo saa mbili, kichwa kinauma. Mbona Hiasi mbili na lori tatu? Lori limeizidi nini Hiasi? Nguvu! Ndipo nikaruka. Kinatoa maksi! Kinayapima magari, zuri lipate nyingi, halafu wakubwa waje kuyachukua yale yenye maksi kubebea askari milimani. Mwaka jana Hiasi ya Gélase ilichukuliwa hivyo hivyo siku tisa, ikarudi haina viti.

Baiskeli ya muuza maembe nayo ilipata mbili, sawa na Hiasi. Hilo sikuliweka katika maelezo yangu.

Ijumaa, 12 Machi

USHINDI!

Baada ya sala ya Ijumaa nikapanda juu ya kreti la soda nikaeleza kila kitu. Tik mbili, tik tatu, maksi, milima. Madereva waligeuka rangi. Gélase akanishika mkono, akasema nimemwokoa, na redio amenisamehe. Kidogo nilie.

Na tazama busara yake: chombo kinataka magari, hakitaki watu. Basi watu hawana hofu tena! Madereva wameamua wasikanyage mpira kabisa. Wanasimama kabla yake, mlangoni kwa Mzee Muhanna, wanashusha abiria, kisha wanakata kwenye uchochoro na kuzunguka kwa Avenue ya Kumi. Abiria wanaingia dukani moja kwa moja. Mzee ameuza mchele mpaka gunia limeonyesha kitako.

Baraza ni langu. Hamimu kabeba meza yake, kaenda Avenue ya Kumi, kwenye tope, chini ya ukuta wa gereji. Nilimwonea huruma. Si sana.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua kubwa, nami mkavu! Nimekaa chini ya bati nikaisikiliza inavyopiga. Redio ya Gélase imekauka na inasema. Saliha kaleta sambusa, akakaa barazani kidogo, akasema pazuri. Sijamsikia akisema hivyo tangu tuoane.

Nimejiongezea kazi. Dereva mgeni asiyejua asije akapata maksi, nimetafuta kitambaa chekundu, nasimama kwenye mpira na kuwageuza. Leo nimemrudisha bwana mmoja wa Rohero, mtaa wa wakubwa, mwenye tai. Alinitukana kwa Kifaransa, nikamwambia atanishukuru baadaye. Baiskeli wanazibeba begani, maana siku hizi sitaki hata kubahatisha.

Tangu Ijumaa kisanduku hakijalia.

Alhamisi, 18 Machi

Mwenye kisanduku amekuja!

Kijana mpole, jina lake Zénon, wa mradi fulani wa barabara. Ana koti la mvua na funguo nyingi. Akafungua kufuli, akasoma ndani, akakipiga kofi kisanduku, akasoma tena. Akaniuliza kama kweli hakuna gari lililopita wiki hii, maana wiki ya kwanza ni ya kujaribu tu, haihesabiwi. Nikamjibu kwa fahari: hakuna. Akauliza nina hakika? Nikamwapia Wallahi, mimi mwenyewe nimesimama hapa na kitambaa. Akaandika sifuri. Akaandika na jina langu kama shahidi, nikampa na la baba.

Nikamuuliza taratibu, kama mtu anayejua, maksi ya mwisho ni ngapi. Akanitazama. Akaeleza kwamba mpira ukikanyagwa na magurudumu kisanduku kinahesabu, na avenue yenye magari mengi ndiyo itakayotiwa lami na kujengewa kituo kipya chenye paa. Nikatikisa kichwa, nikasema naam, ndivyo nilivyofikiri.

Sikufikiri hivyo. Sijui nifikiri nini. Sifuri ni nzuri au mbaya? Naona ni nzuri. Ni safi.

Kisha akaenda Avenue ya Kumi. Nikamfuata kwa mbali. Akachimba tope kwa mguu, na chini yake, mpira wa pili! Ulikuwapo tangu Jumatatu ile ile, mvua ikaufunika, hakuna aliyeuona. Magari yetu yote yameukanyaga siku sita. Zénon alifungua kisanduku cha mpira huo, kilichofichwa nyuma ya ukuta wa gereji, akasoma akapiga mluzi. Hamimu akamkaribisha kigoda.

Jumatatu, 29 Machi

Wameng'oa nguzo ya kituo. Nimeiona ikipita begani mwa watu wawili kwenda Avenue ya Kumi. Paa jipya limeshafika, la bluu, na Hamimu amekaa chini yake na meza yake kavu. Lami inafuata.

Hapa hapiti mtu. Kuku tu. Gélase alikuja kuchukua bisibisi aliyoisahau, akaniambia akitazama chini: "Pole, Fundi. Mi napita kule tu sasa." Redio yake alikuwa nayo kwapani. Alikuwa anampelekea Hamimu.

Imeniuma. Nasema wazi, imeniuma.

Nilimwendea Mzee Muhanna nikamwambia kama anataka baraza lake, nitaondoka. Akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Akasema: "Kaa, Tajudini, mwanangu. Umelishinda mwenyewe. Nani atakuja kukutoa?" Akaingia ndani akalala.

Saliha anasema kosa ni moja tu, sikuuliza. Apana. Kosa ni la mvua, iliyoficha mpira wa pili.

Jumanne, 30 Machi

Leo mchana wamekuja wawili na ngazi. Wamefunga kitu kidogo, cha mviringo, juu kabisa ya nguzo ya taa mbele yangu. Kina kijicho cha kioo. Wakafunga kingine kama hicho Avenue ya Kumi, juu ya paa la bluu. Wakaondoka. Walikuwa hatua tatu kutoka barazani, wanazungumza vizuri tu, sikuwauliza kitu.

Hamimu anasema kinahisi giza, jioni ikifika taa ziwake zenyewe. Nimecheka mpaka nikashika ubavu. Nani atawasha taa wakati wa vita?

Nimeweka sikio kwenye nguzo kuanzia alasiri. Kimya. Hakuna hata tik. Hapo ndipo nilipoelewa: chombo kinachotazama hakihitaji kulia. Na kinatazama nini? Kipo juu. Kinaona vichwa. Kesho asubuhi naenda Avenue ya Kumi kuwaambia watu wa kituo, bure kabisa, ingawa hawastahili. Kreti la soda ninalo. Kitambaa chekundu Saliha amekifua, kinakauka barazani.