Msiba wa Varga Mwenye Sharubu

Mfarakano wa Kyela mjini ulianzia kwenye sharubu, na Eliud alikuwa na sharubu. Mtu mwingine asingeona uhusiano wowote hapo. Eliud aliona faida kabla hajamaliza kutafuna ndizi yake ya kuchoma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilivyokuwa havionekani vilipoanza kumwagika madukani, kanda za video zikiwemo. Katika banda la video la Damaris, mjane ambaye watu walimwita Mama Atupele, jasusi Varga alikuwa ameshaiokoa dunia mara kumi na mbili. Jina la mwigizaji hakuna aliyelijua wala aliyeliulizia. Alikuwa Varga tu, mtu mzima mwenye koti jeupe na sharubu nene zilizochanwa vizuri. Basi ikaja kanda ya kumi na tatu, na ndani yake Varga akawa kijana mwingine kabisa, mdomo wa juu mtupu kama sahani iliyooshwa.

Siku hiyo watu walitoka bandani wakigombana, na Eliud alikuwa nje, chini ya upenu, akijikinga mvua.

"Varga hakimbii," alisema Asajile, fundi seremala. "Miaka yote tumemwona akitembea, wanaokimbia ni wengine. Huyu mtoto kakimbia toka mwanzo mpaka kanda ikaisha, na jasho likamtoka. Jasusi gani anatoka jasho?"

"Jasusi anayefanya kazi, shemeji," alijibu Tuntufye, mnunuzi wa kokoa, ambaye alikuwa amemwoa dada yake Asajile. "Yule mzee wako alidondoka toka kwenye ndege, akasimama, koti halina hata kunjo. Wewe ukianguka na baiskeli tu unalala wiki."

"Huyu kalia. Kamlilia mwanamke."

"Mwanamke alikuwa amekufa. Ulitaka apige mluzi?"

Wiki mbili baadaye mashemeji hao walikuwa hawali sahani moja. Kule Makwale kulikuwa na posa iliyosimama kwa sababu baba wa binti ni wa Sharubu na bwana harusi mtarajiwa amenyoa. Mama Atupele alikuwa na huzuni ya peke yake: wa Sharubu wakisikia wa Kijana wamo ndani hawaingii, na wa Kijana vivyo hivyo, kwa hiyo banda likawa nusu tupu kila siku. Juu ya hayo, deki yake ilikuwa imezeeka na kuanza kutafuna kanda.

Sasa Eliud. Mjini alijulikana kama Dairekta, kwa kuwa alisema aliwahi kuendesha jumba la sinema Mbeya. Ukweli ni kwamba alichana tiketi mlangoni, mpaka wenye jumba walipogundua kuwa waliochaniwa tiketi ni wengi kuliko walionunua. Tusimlaumu sana. Kuna aliyejaliwa sauti ya kuimba kwaya, na kuna aliyejaliwa ulimi, na ulimi nao unataka kula.

Lakini safari hii hakutaka kula tu. Samsoni, mfanyabiashara wa Katumba Songwe, alikuwa amevusha deki mpya na televisheni toka nchi jirani, ng'ambo ya mto Songwe, akamwambia Eliud: lete magunia kumi ya mchele kabla ya Jumamosi, la sivyo vinapanda Tukuyu. Eliud alikuwa na miaka thelathini na minane, na alikuwa amechoka. Alichoka kuhama chumba alfajiri, alichoka kukumbuka ni mji gani alisema yeye ni nani. Alitaka banda lake, na kiti mlangoni pa banda lake, akae hapo anenepe. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, na ndiyo maana akafanya haraka.

Jumatatu alitokea sokoni, kitambaa cheusi mkononi, gazeti la Kiingereza kwapani, macho mekundu kwa hisani ya kitunguu.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikakatika mahali pazuri, "Varga ametutoka."

Wauza usipa, wale dagaa wa ziwani, wakashusha vipimo.

"Yupi?" aliuliza Asajile.

"Mzee. Wa sharubu. Ameiona hiyo kanda ya kumi na tatu kama tulivyoiona sisi. Akazima televisheni, akaomba maji, hakuyanywa." Alilifungua gazeti, akalifunga upesi. "Yameandikwa yote humu. Nimeletewa na mtu toka ng'ambo ya Songwe. Mjane anaomba rambirambi kwa waliompenda. Na kule kwao pesa wanazo. Wasichokuwa nacho ni mchele unaonukia."

Hapo alikuwa amegusa mshipa wenyewe. Mtu wa Kyela unaweza kumnyima salamu, unaweza kumnyima hata njia, lakini ukimwambia kuna msiba ataweka jembe chini. Kabla ya saa sita madebe yalianza kufika chumbani kwa Eliud. Yalikuja ya mjini, yakaja ya Bujonde. Tuntufye mwenyewe alileta gunia zima na mbuzi.

"Sikumpenda," alisema, akitazama pembeni. "Lakini mtu akifa, kafa."

Eliud alimshika mkono kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, kaka. Asante sana."

Mama Atupele alikuja wa mwisho, na hakuleta debe. Alileta mkeka. Aliliomba gazeti, akalitazama kwa muda, akalirudisha. Kisha akauliza kwa upole mkubwa, "Dairekta, msiba uko kwa nani?"

"Kule kwao, mama. Mbali sana."

"Nauliza hapa. Habari ya kifo haitui njiani, baba, inatua kwa mwenye msiba. Wewe ndiye uliyeletewa. Kwa hiyo mfiwa ni wewe."

Akautandika mkeka katikati ya ua, akamkalisha Eliud juu yake. Halafu akaweka mikono kichwani na kuangua kilio kilichosikika mpaka upande wa pili wa soko. Wanawake waliokuwa njiani wakakipokea bila kuuliza. Alasiri mafiga yalikuwa yamepangwa, masufuria yameinjikwa, na watu wa Makwale walikuwa wanaingia na mikeka yao, pande zote mbili za mfarakano, kwa kuwa msibani hakuna upande.

Eliud alikaa mkekani akiwaangalia wanawake wakichota mchele wake. Debe la kwanza lilimuuma. La sita lilimuuma zaidi, kwa sababu lile alikuwa ameshaliona limegeuka televisheni.

"Mama Atupele," alinong'ona, "rambirambi ni za mjane."

"Na waombolezaji wale nini? Usipa mtupu?"

Jumanne alijaribu kuondoka kidogo, akisema anakwenda chooni. Wanaume wanne walisimama pamoja naye. Mfiwa haachwi peke yake, asije akajidhuru. Walimsubiri mlangoni pa choo wakimwambia maneno ya kumtia nguvu, na Asajile akamkumbusha kwamba hata mitume walifiwa. Jumatano alisema anakwenda Katumba Songwe kumpa mjumbe shukrani. Wakamwambia mfiwa hatembei, akae, mjumbe ataitwa.

Na kweli akaitwa mtu toka Katumba Songwe. Alhamisi Samsoni aliingia uani na baiskeli mbili, deki kwenye moja, televisheni kwenye nyingine, zimefunikwa nailoni. Eliud akanyanyuka nusu mkekani.

"Mama Atupele kaniomba nivilete," alisema Samsoni, akimpa pole. "Anasema marehemu aonyeshwe watu wamkumbuke, na deki yake inatafuna kanda. Pole sana, ndugu yangu. Sikujua mlikuwa karibu hivi."

Jenereta la banda liliunguruma siku mbili mfululizo. Varga Mwenye Sharubu alidondoka toka ndegeni bila kukunja koti, na watu wakala wali kwa samaki wa mbasa wakilia na kucheka. Asajile na Tuntufye walikula sahani moja. Tuntufye alikiri kwamba mzee alijua kuvaa. Asajile, baada ya kushiba, akakiri kwamba yule mtoto anajua kupiga ngumi. Eliud peke yake ndiye aliyelia machozi ya kweli, na watu walisema hawajaona mfiwa mwaminifu kama yule.

Jumamosi asubuhi wazee walianua tanga. Yalibaki magunia kumi na moja, maana Kyela ilikuwa imetoa kuliko ilivyokula. Eliud akaanza tena kusema juu ya mjane na rambirambi zake.

"Mchele wa msiba hauvuki mto," alisema Asajile, ambaye kwa kukosekana kwa ukoo wa marehemu alikuwa amefanywa mzee wa ukoo. "Ukivuka, unafuatwa na kifo kingine. Kinachobaki ni cha aliyesimamia mafiga."

Wote walimtazama Mama Atupele. Akainamisha kichwa, akashukuru. Kisha akawaomba vijana wampimie Samsoni magunia kumi, na Samsoni akamkabidhi deki na televisheni hapo hapo, mbele ya mfiwa.

"Bado jambo moja, mfiwa hajanyolewa," alisema mzee wa ukoo, na akatoa wembe.

Eliud alisema hapana mara tatu. Wakamwelewa, uchungu ndivyo ulivyo. Wanaume wale wanne wa chooni walimshika kwa upendo, na mfiwa akanyolewa kichwa, ndevu na sharubu, mpaka uso wake wote ukang'aa.

Watu walipotawanyika alimfuata Mama Atupele, aliyekuwa anafunga nailoni juu ya televisheni.

"Ulijua," alisema.

"Gazeti lako lilikuwa na bei za tumbaku, Dairekta. Marehemu mume wangu tuliishi naye ng'ambo miaka sita. Bei za tumbaku nazijua kwa Kiingereza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema wangekupiga. Na deki ningeipata wapi?"

Jioni ile, kwa kuwa hakuwa na chumba kisicho na harufu ya wali wala pa kwenda, alikwenda bandani. Lilikuwa limejaa mpaka nje, wa Sharubu na wa Kijana bega kwa bega, na kanda ilikuwa ile ya kumi na tatu, ambayo yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwahi kuiona. Tuntufye alimwona mlangoni, kipara na mdomo mtupu, akawagusa wenzake.

"Mtazameni," alisema. "Varga mpya huyo."

Banda zima likacheka, na Eliud akainamisha uso apite. Mlangoni, juu ya kiti, alikuwa amekaa Mama Atupele, mkono umenyooshwa.

"Kiingilio."

"Mama, hata mfiwa?"

"Tanga tumeanua, baba."

Eliud akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikombe cha mchele alichokuwa amekificha tangu Jumanne, akammwagia kwenye kapu lake, akaingia kutafuta pa kukaa.