Asilimia Mia Wanaona

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kijiji. Masheikh, mapadri na wachungaji. Mwalimu Mkuu Hosea na fimbo yako. Wazazi wa Shule ya Msingi Kwamkwaju. Itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Nimetoka Tanga mjini hadi huku Maramba kuzindua Mradi wa Uono Bora kwa Mwanafunzi, ambao mimi, kama Mratibu Mkuu wa Uratibu, niliubuni kwa kushirikisha mastekholda wote katika warsha, semina elekezi na chai ya saa nne. Utafiti umebaini kuwa mtoto asiyeona ubao hunakili makosa, huitwa mzembe, huchapwa, na mwishowe huiogopa shule. Hili halikubaliki! (Makofi. Mwalimu Hosea anaiweka fimbo chini ya kiti.)

Hivyo tukafanya skriningi ya kina. Mtaalamu wetu alisimama mbele ya kila darasa akauliza, "Watoto, mnaona?" Wakaitikia kwa pamoja, "Tunaonaaa!" Asilimia mia, ndugu zangu. Hata Ulaya hawajaifikia. (Kicheko. Mama mmoja anasimama.)

Naam, mama? Bi Kijakazi, mama yake Tausi wa darasa la tatu. Sema.

("Mheshimiwa, mwanangu kaitikia kwa kuwa wenziwe wameitikia. Ubaoni haoni kitu. Mwaka wa pili huu yumo darasa hilo hilo, na sasa hataki tena kuja.")

Nimekusikia, mama, na nimeumia. Lakini nikimtoa Tausi tutashuka chini ya mia, na ripoti imeshapongezwa. Hata hivyo ofisi yangu ni sikivu. Tausi, njoo tupige picha ya uzinduzi. (Tausi anavishwa miwani. Anageukia ukuta wa darasa, anasoma polepole, "U-si-te-me ma-te." Bi Kijakazi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Vigelegele.)

Hiyo ndiyo impakti! Uono Bora! (Hoyee!) Elimu! (Hoyee!) Uratibu! (Kimya.)

Nawashukuru wote, hasa dereva wangu, Mzee Uweso, aliyetuazima miwani yake kwa ajili ya picha. Kwa kuwa wote wanaona, hatukuwa na sababu ya kuagiza nyingine, wala ya kuwa na mradi wenyewe. Tausi, mwanangu, mrudishie babu, bila hiyo haioni barabara. Ivue taratibu, usiivunje.