Fidia ya Jua la Asubuhi

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, jua litachomoza kwa utaratibu."

Tangazo hilo lilitolewa na Mamlaka ya Kuratibu Jua na Mambo Yanayohusiana Nalo, likiwa limepigwa mihuri mitatu, miwili ya sheria na mmoja wa kuongeza uzito. Wapo wenye midomo waliouliza jua lilikuwa likichomozaje kabla ya hapo. Hawakujibiwa, kwa kuwa Mamlaka ilikuwa bado haijafungua dawati la maswali.

Aliyeandika tangazo alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa wastani, na kila siku alivaa suti ya kijani kwa ajili ya mazingira. Aliamini kwa dhati ya moyo wake kwamba kabla hajateuliwa watu walikuwa wakipigwa na jua ovyo ovyo, kila mtu na lake, pasipo kiongozi.

Ili jua liongozwe ipasavyo, Mamlaka ilijengewa makao makuu ya ghorofa kumi na mbili, vioo vitupu, uso ukitazama mashariki. Juu ya paa zilifungwa paneli za sola za kisasa kabisa. Paneli hizo zilifunikwa turubai zikimsubiri Mheshimiwa Waziri aje azizindue, maana kifaa cha serikali hakifanyi kazi kabla hakijakatiwa utepe. Lifti nayo ilisubiri utepe. Kwa muda huo taa za ofisi ziliwashwa na jenereta la dizeli lililonguruma uani, na wafanyakazi waliofungua madirisha ya nyuma walikohoa kizalendo.

Nyuma ya jengo, upande wa magharibi, palikuwa na mtaa wa nyumba za mabati. Watu wa mtaa ule walikuwa wameshajifungia sola zao wenyewe, bila semina wala posho. Sasa kila asubuhi, tangu jua linapotoka mpaka adhuhuri, kivuli cha Mamlaka kiliwalalia juu ya mabati.

Wa kwanza kupanda ngazi kuja kulalamika alikuwa shangazi yake Mkurugenzi.

"Kibogoyo yupo?" alimuuliza katibu muhtasi, huku akihema.

"Nani, mama?"

"Huyu mkubwa wenu. Utotoni aling'oka meno ya mbele akakaa mwaka mzima hayajaota. Hakuwaambia?"

Mkurugenzi alitoka mbio akamvutia ndani na kufunga mlango. Shangazi aliketi, akafungua pindo la kanga, akatoa yai na kuliweka juu ya meza, katikati ya bendera mbili ndogo.

"Yai viza hilo, limeoza kabla ya kuanguliwa," alisema. "Usilisogeze sana, litakupasukia. Nyumbani nina trei nzima ya namna hiyo."

Shangazi aliishi kwa kuuza vifaranga. Alikuwa na mashine ya kutotolesha, sanduku la mbao lenye taa ndani na betri ubavuni, likiendeshwa na paneli moja ya juu ya bati. Yai linataka joto wiki tatu, mchana na usiku, bila kukatika. Betri iliyopata jua nusu siku ilikuwa inakata roho alfajiri, na mayai yanakata roho nayo.

"Jengo lako limelikalia jua langu," alisema.

"Shangazi, kitaalamu jengo haliwezi kulikalia jua. Jua liko juu zaidi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeshaharibikiwa mara mbili. Yakiharibika na mengine nitakayoweka, nafunga biashara nahamia kwako. Kile chumba chenu cha wageni kinanitosha."

Mkurugenzi alimpenda sana shangazi yake. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Lakini alimpenda akiwa kwake, na mke wa Mkurugenzi alimpenda akiwa mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo siku hiyo hiyo iliundwa Kamati ya Kuhakiki Kivuli.

Kamati ilikutana asubuhi, ikanywa chai, ikapitia hadidu za rejea, ikala chakula cha mchana, na saa tisa alasiri ikashuka mtaani. Ilitafuta kila mahali. Katika taarifa yake ilieleza kwamba eneo husika lilikuwa na jua kali la kutosha, hakuna kivuli kilichoonekana wala shahidi aliyeweza kukionyesha, na wananchi washauriwe kuacha uzushi.

Shangazi alirudi, safari hii na kinyozi wa mtaa wao. Kinyozi alimleta mteja mmoja amevaa kofia.

"Bosi, huyu nilimwanza asubuhi, umeme ukaisha njiani," alisema kinyozi. "Betri yangu ilishakufa kwa njaa, nanyolea jua la moja kwa moja. Mpaka adhuhuri ndipo nimalizie. Wateja wangu wanazunguka mjini nusu nusu, wanaitwa majina."

Mteja akavua kofia, akaonekana, akaivaa tena.

Kamati ikaagizwa irudi asubuhi. Ikarudi, na kweli ilikikuta kivuli. Wajumbe walikiona kizuri mno. Waliagiza viti, wakaketi, mjumbe mmoja akasinzia, na taarifa yao ya pili ikakitambua rasmi kuwa ni Huduma ya Ubaridi kwa Jamii. Kesho yake lilisimamishwa bango mtaani: KIVULI HIKI MMELETEWA NA MAMLAKA. KITUNZENI.

Basi hapo ndipo mtaa ulipochemka. Watu walikusanyika mbele ya bango wakitaka wamwone mwenye kivuli. Mkurugenzi aliposhuka kuwatuliza alipanga kuzungumza kwa ufupi, lakini alikuta kipaza sauti, na kipaza sauti kwake kilikuwa udhaifu. Alianza na sera. Watu wakanung'unika. Akaingia kwenye dira. Wakaguna. Akatupa jicho kwa shangazi yake aliyesimama mbele, mikono kiunoni, akakikumbuka chumba cha wageni.

"Mamlaka haimnyang'anyi mtu jua," alisema. "Yeyote aliyepungukiwa kwa sababu yetu, atafidiwa."

Watu wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mkurugenzi alilitia maji pale pale. Alipiga hesabu haraka kichwani: fidia ya fedha ina bajeti, ina wakaguzi, ina maswali. Jua halina bei.

"Atafidiwa jua kwa jua," akasema. "Asubuhi kwa asubuhi. La kiwango kile kile."

Makofi yalikuwa mengi kiasi kwamba aliirudia ahadi hiyo mara tatu. Jioni aliiandika kuwa kanuni, akaigonga mihuri yote. Redio ikaisoma. Waziri akampigia simu kumpongeza kwa ubunifu, akamwambia atakuja kulizindua jengo kabla mwezi haujaisha, na kwamba kanuni ile ameshaisifia mbele ya wakubwa wenzake. Mkurugenzi alilala usingizi mnono.

Asubuhi alimkuta shangazi mlangoni pa ofisi yake, ghorofa ya kumi na mbili. Alikuwa na mashine yake, trei ya mayai mapya na paneli iliyofungwa kamba. Nyuma yake alikuwapo kinyozi na kiti chake, kioo chake na paneli yake.

"Nimefuata jua langu," alisema shangazi.

"Shangazi, hii ni ofisi ya serikali."

"Jua la asubuhi liko wapi pengine humu ndani?"

Mkurugenzi alifikiri kwa uaminifu. Vyumba vya nyuma vilikuwa giza tupu. Paa lilikuwa chini ya turubai. Chumba chenye roshani ya mashariki kilikuwa hiki kimoja, alichojichagulia mwenyewe kwa hoja kwamba kiongozi wa jua sharti alione kabla ya wananchi.

"Lipo hapa tu," akakiri.

"Basi sogeza hayo makaratasi."

Alimwita mwanasheria wa Mamlaka. Mwanasheria aliisoma kanuni mara mbili, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu.

"Imefungwa kila upande," alisema. "Haina hata tundu la kupenyea. Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Hongera sana, mzee."

Ahadi ni deni. Mashine ikawekwa juu ya meza ya Mkurugenzi, kiti cha kinyozi kikawekwa kando ya dirisha, na paneli mbili zikalazwa kwenye roshani zikilitazama jua; kila adhuhuri ya shangazi ilihamishiwa dirisha la magharibi kwa waya mrefu. Mkurugenzi alihamia kwenye korido na kimeza cha kuwekea birika. Wananchi walioleta shida zao walielekezwa ndani kwa mazoea, wakasikilizwa na shangazi huku wakinyolewa, na wengi waliondoka wameridhika. Mkurugenzi aliliona hilo na likamuuma, lakini aliliandika kama mafanikio ya robo mwaka.

Siku shangazi alipokwenda sokoni, ilimbidi Mkurugenzi ayageuze mayai mwenyewe. "Mkono mwepesi," aliagizwa. "Usiyagonge kama unagonga mihuri." Aliyageuza moja moja. Jioni shangazi alimfundisha kulimulika yai kwa tochi, na ndani yake akaona kitu kidogo chenye mishipa kikitikisika. Alisimama pale muda mrefu. Alifurahi, furaha ambayo hakuna saini iliyowahi kumpa, na kuanzia siku hiyo akawa anawahi kazini.

Asubuhi ya siku ya uzinduzi, mayai yakaanza kudonolewa kutoka ndani.

"Shangazi, nakuomba," alisema Mkurugenzi, jasho likimtoka ndani ya suti ya kijani. "Tuvihamishe kidogo, saa moja tu. Waziri yuko kwenye ngazi."

"Kifaranga akishadonoa ganda hahamishwi, hata aje nani. Akipata baridi saa hizi amekwisha. Wewe unataka afe?"

Mkurugenzi alitazama ndani ya sanduku. Ganda moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu palikuwa na mdomo.

"Sitaki," alisema, na kweli hakutaka.

Jenereta lilizimwa lisiharibu sauti za kamera. Waziri aliingia akitweta, kamera zikimfuata, na nyuma yake msichana wa itifaki aliyebeba mkasi wa utepe juu ya sinia. Aliliona sanduku. Akamwona kinyozi. Chini, barabarani, umati ulikuwa ukisubiri. Waziri alikuwa mwanasiasa wa siku nyingi na alijua kugeuza upepo.

"Hii ndiyo nishati ya mwananchi," aliziambia kamera, akakaa kwenye kiti cha kinyozi. "Nami ni mwananchi. Ninyoe ndevu."

Kinyozi akamfunga shuka, akawasha mashine. Shavu la kushoto likawa laini kama la mtoto. Mkurugenzi alianza kuvuta pumzi. Ndipo alipokumbuka zawadi.

Zawadi ilikuwa picha ya Waziri, kichwa na mabega, iliyochapwa kwenye turubai la ghorofa tatu. Aliiagiza mwenyewe ili kumshangaza mgeni, na mlinzi alikuwa paani na maelekezo ya kuiteremsha mbele ya jengo Mheshimiwa akishaketi. Mkurugenzi alifungua kinywa. Turubai likateremka.

Chumba kikawa giza. Mashine ya kunyolea ikazima. Taa ya ndani ya sanduku, ambayo betri yake ilikuwa dhaifu tangu enzi za kivuli, ikafifia ikawa nyekundu.

"Vipi?" aliuliza Waziri.

"Umeme umekatika, Mheshimiwa," alisema kinyozi.

"Umekatwa na nani?"

Kinyozi alitazama dirishani, kisha akamtazama aliye kwenye kiti, kisha akaona heri aseme kweli. "Na wewe, Mheshimiwa."

"Toeni hicho kichwa," alisema shangazi. "Vifaranga wangu wanakufa."

Mtu alikimbizwa paani. Alirudi na habari kwamba mlinzi amefunga mlango wa paa kwa kufuli, akashuka barabarani na ufunguo kutazama jinsi picha ilivyokaa. Waziri alijipapasa mashavu, moja baada ya jingine. Kamera zilikuwa bado zinawaka.

"Huyo si ana mkasi?" alisema shangazi.

Hakuna aliyethubutu. Msichana wa itifaki alirudi nyuma hatua moja. Kuichana picha ya Waziri ni kosa, na kila mtu mle ndani alikuwa na familia. Mwishowe Waziri mwenyewe aliuchukua mkasi, akatoka kwenye roshani na shuka shingoni, akachoma turubai na kukata kuelekea juu. Hakujua alikuwa anakata wapi. Alipopata nafasi ya kutosha, akatoa kichwa nje apate kumwona mlinzi.

Umati barabarani ulimwona Mheshimiwa akichomoza kupitia pua yake mwenyewe, upande mmoja ana ndevu, upande mmoja hana, mkononi ana mkasi. Kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuona jengo la Mamlaka likizinduliwa, walidhani ndivyo inavyofanywa, wakashangilia kwa nguvu. Waziri akapunga mkono. Alipokirudisha kichwa ndani, turubai likajifunga na giza likarudi.

"Kibogoyo," aliita shangazi, na safari hii kamera zote zilisikia. "Vuta hilo shavu."

Mkurugenzi Mkuu alivua koti la kijani. Alilishika shavu la Waziri kwa mikono miwili, akalivuta pembeni kwa uzito wake wote, na jua likaingia likazilalia paneli. Mashine ya kunyolea ikanguruma. Taa ya sanduku ikawa nyeupe, ganda likapasuka, na kifaranga aliyelowa akatokeza akilia.

"Shikilia hapo hapo," alisema shangazi. "Bado wako wengi."

Alishikilia. Mgongo ulimuuma, lakini hakuachia, na kwa mara ya kwanza tangu Mamlaka ianzishwe, Mkurugenzi Mkuu alikuwa anawagawia watu jua.