Mkojo wa Mkurugenzi Hauingii Friza

Kwa heshima na taadhima, Kurugenzi yetu inautangazia umma kwamba mkojo sasa ni rasilimali ya taifa. Kila mtumishi atatoa kikombe kimoja, kitagandishwa, kisha wataalamu watasoma vinasaba vilivyomo na kujua nani figo zake ziko mashakani kabla hajaanguka.

Mimi ni Afisa Itifaki. Msiniulize itifaki na mkojo vinahusiana nini. Vinahusiana!

Friza tulikuwa nayo moja. Mkurugenzi alitoa wa kwanza, tukampigia makofi. Alikuwa na haraka yake, maskini: figo zilimchukua baba yake, zikarudi zikamchukua kaka yake, na yeye miguu ilishaanza kuvimba. Mtaalamu wa maabara, dada mmoja asiye na habari na vyeo, akanyoosha mkono kukipokea kikombe.

"Unakiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye friza, bosi, na vya wenzake."

"Wenzake kina nani? Mfagizi? Dereva?"

"Mkojo haujui cheo, kaka yangu. Ukikaa nje unaoza, vinasaba vinaharibika, basi tena."

Lo! Nilimhurumia. Mkubwa mzima agandishwe rafu moja na walinzi? Nikaunda kamati, nayo ikaazimia kikombe kikae ukumbini, ndani ya kabati la vioo, juu ya kitambaa cha mahameli, taa ikiwaka.

"Hapo mmenitendea haki," Mkurugenzi akasema.

Wageni walipita wakiinamisha vichwa. Juma la pili walipita wakiziba pua, nami nikatoa waraka kufafanua kuwa hiyo ni harufu ya uongozi.

Majibu yakatoka. Mfagizi: figo zina dalili, kaanza dawa mapema, anadunda. Dereva: salama. Mkurugenzi: hausomeki.

"Hausomeki vipi?" alifoka, shati limelowa jasho. "Sasa nitajuaje kama ni zamu yangu?"

"Umeoza, mzee wangu," dada akamjibu taratibu. "Tupe mwingine."

Nikawahi kuokoa jahazi. "Tutaandaa kabati kubwa zaidi, Mheshimiwa. Lenye feni."

Mkurugenzi alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Akanyakua kikombe kitupu, akaenda chooni bila msafara, akarudi nacho mkononi, bado cha moto.

"Dada yangu, nakuomba," akasema, akimnyooshea kikombe. "Nipenyeze hata huko chini ya walinzi. Nigandishe kama watu."