Shemeji Haombwi Kadi

Jamani, leo nimeaibika. Na aibu yenyewe ni ya ukweni.

Wengi mnajua nina yadi ya chuma chakavu hapa Bariadi. Mnajua pia mdomo wangu. Kwenye vikao vya wanunuzi mimi ndiye ninayesimama kukumbusha sheria: gari lisilo na kadi usilikate. Muuzaji alete kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji, namba ya chesisi ikaangaliwe polisi, ndipo uwashe gesi ya kukatia. Kuna mwenzetu nilimsema mpaka akaondoka na kuacha soda yake mezani. (Ndugu yangu, kama unasoma hapa, nisamehe.)

Asubuhi akaja Masanja, mdogo wake mke wangu, kutoka kwao Sola. Trekta la kukodi linavuta pikapu kuukuu, haina vioo, matairi yamekwisha.

"Mwangaluka, shemeji. Nimekuletea mzigo."

"Wa nani?"

"Wa nyumbani. Mzee amechoka kuiona pale uani."

Hapo nilitakiwa kuuliza kadi. Sikuuliza. Kwetu Usukumani ukweni ni adabu tupu, na kumwomba shemeji kadi ni kumwambia wazi kwamba wewe nakuona mwizi. Namba ya simu ya baba mkwe ninayo. Lakini nimpigie mzee kumuuliza kama mwanawe anasema kweli? Nikaona haya. Nikamlipa Masanja, nikamnunulia na chapati.

Kufika mchana fundi wangu wa gesi alishaipasua. Bodi huku, chesisi vipande vipande kule. Kiti cha mbele kilikuwa kizima, nikakiweka chini ya turubai kiwe cha wageni. (Nilijiona mbunifu.)

Alasiri mgeni wa kwanza akaingia getini. Baba mkwe. Kofia mkononi, vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi. Sikushtuka hata kidogo. Nilifurahi.

"Mwadila, baba. Karibu ukae."

Akakaa. Akapewa maji, akanywa, akanyoosha miguu.

"Nimeanzia kwako kwa sababu kazi hii unaijua," akasema. "Pikapu imeondoka uani jana nikiwa mnadani kwenye ng'ombe. Kadi yake hii hapa. Injini nyingine nilishapata, nilitaka gari libebe pamba msimu huu. Mtu akikuletea, mzuie."

Nikajibu, "Sawa, baba." (Ndiyo. Nilisema sawa.)

Mkono wake ulikuwa unapapasa kiti. Ukafika kwenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa gunia, ukasimama. Akainuka taratibu, akageuka, akakitazama.

"Mshono huu ni wa mama yenu."

Fundi akazima gesi bila kuambiwa.

"Nani amekuletea?"

"Masanja, baba."

"Ulimwomba kadi?"

"Niliona aibu. Ni shemeji yangu."

"Masanja ulimwonea aibu. Na mimi je?"

Akazunguka kwenye vile vipande, akagusa boneti, akafuta mikono kwenye suruali. Hakufoka. Ningeshukuru angefoka. Mzee wa watu hakwenda polisi kwanza, alikuja kwangu kwa sababu aliniamini, na mimi nikamkalisha juu ya gari lake mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Nikamwambia nitatafuta pikapu nyingine, hata kama ni kuuza ng'ombe wangu.

"Hayo tutaongea," akasema akivaa kofia. "Polisi siendi, sitaki wajukuu zangu wayasikie. Masanja niachie mimi. Ila Jumapili uje Sola umweleze mama mkwe wako kwa mdomo wako. Pamba iliyonunua ile gari aliilima yeye."

Ndugu zangu, tangu nimeoa, mama mkwe huwa namsalimia nikiwa natazama chini. Ananiitikia, nakaa mbali, basi. Hatujawahi kuvuka hapo. Sasa mazungumzo yetu ya kwanza yatakuwa haya.

Chekeni tu, nimeruhusu. Ila mkimaliza, kila mmoja anitumie sentensi. Ya salamu, "Mwangaluka, mama", ninayo. Natafuta ya pili.