Ombi la Kufungwa kwa Darasa Linalomfundisha Mama Yangu Kupumua

Kwa Mheshimiwa Mama Mratibu,
Madarasa ya Yoga na Lugha kwa Akina Mama Wakimbizi na Waomba Hifadhi,
Ukumbi wa Jamii, mlango wa pembeni, ule wenye kengele isiyolia.

Shikamoo Mama, na baada ya shikamoo nakupa pole kabisa, maana utakayoyasoma hapa yatakuharibia chai.

YAH: MAMA YANGU

Kwanza nijitambulishe, ingawa sidhani kama kuna asiyenijua. Mimi ndiye kijana mwenye akili kuliko wote waliowahi kuvuka mpaka wowote, kwa miguu, kwa lori au kwa ndege. Sisemi kwa majivuno. Majivuno ni ya watu wenye wasiwasi. Shule niliiacha njiani, au yenyewe ndiyo iliniacha, tulipoteana kwenye zile vurugu za kuhama. Lakini lugha ya hapa niliimeza yote kwa kukaa ngazini na kusikiliza watu wakigombana. Tangu hapo jengo letu zima linanitumia mimi kama mdomo. Mtu akiumwa jino, naitwa. Mtu akiandikiwa na shule ya mtoto, naitwa. Kuna mzee wa ghorofa ya juu bila mimi angeng'olewa jino zima akabaki na bovu.

Mama yangu unamfahamu. Ni yule mfupi anayetandika mkeka wake karibu na dirisha na kuwakemea wanaochelewa. Alhamisi hii tuna mahojiano, yale ya kuamua kama tutaruhusiwa kubaki au tutafungasha tena. Ndiyo maana naandika kwa haraka na kwa kalamu nyekundu. Ya bluu ameichukua yeye, kaenda nayo darasani kwako.

Malalamiko nimeyapa namba ili usipotee.

1. Ninyi mlikuwa na ukumbi mmoja, saa moja, na akina mama wengi. Mkaona mchanganye. Mwalimu wa yoga, yule mrefu asiye na haraka ambaye sisi tunamwita Mama Pumzi, anaamrisha. Mwalimu wa lugha anaandika ubaoni. Akina mama wanarudia huku miguu iko juu. Matokeo yake mama yangu alijua kusema "Nyanyua nyonga" kabla hajajua kusema "Habari za asubuhi". Lugha yake yote ni amri. Kuomba chumvi hajui, ila kumwambia mtu arefushe uti wa mgongo anajua. Nilidhani ni mzaha mpaka tulipokwenda duka la mikate. Jamaa mmoja mwenye kifua kama kabati akatuchomekea kwenye foleni. Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, mama akaniwahi, kwa lugha yao, sauti laini kabisa: "Rudi nyuma. Taratibu. Sikia nyayo zako." Jamaa akarudi nyuma! Na nyayo zenyewe akazitazama. Mimi sentensi yangu nzuri nikarudi nayo nyumbani bila kuitumia, pamoja na mkate.

2. Mwenye nyumba wetu ana desturi ya kuja kufoka. Ni desturi nzuri, tulikuwa tumeizoea. Yeye anafoka mlangoni, mimi namfasiria mama kwa kuchuja, namwambia jamaa analalamika nguo zetu zinadondosha maji kwa watu wa chini, yale aliyosema kuhusu ukoo wetu nayameza. Kisha namjibu kwa niaba ya mama, kwa kuongeza pilipili. Kwa njia hiyo nilikuwa nadai bomba la maji ya moto litengenezwe, na mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri sana, isipokuwa bomba lilikuwa bado bovu na tulikuwa tunaogea maji ya sufuria. Juzi akaja, uso umemwiva. Mama akanisogeza pembeni kama pazia. "Legeza taya," akamwambia. "Shusha mabega. Pumzi ifike tumboni." Jamaa akataka kufoka, akakuta taya limeshalegea. Akakaa ngazini. Akaanza kusimulia kiuno chake kinavyomtesa tangu mkewe amwache. Mama hakuelewa hata nusu, lakini alimwonyesha namna ya kukunja goti. Siku hiyohiyo bomba likapona. Sasa akinikuta mlangoni ananiuliza, "Mama yuko? Aa, wewe mpayukaji sina shida nawe." Mimi! Mpayukaji!

3. Nyumbani kwetu hakukaliki. Rafiki yangu alikuja kuazima chaja, akakuta akina mama wa darasa lako wamelala chali sebuleni, miguu ukutani, wananyambulisha vitenzi. Akaninong'oneza, "Kaka, hawa wamezimia au?" Mmoja wao, fundi cherehani wa mlango wa pili, akamjibu bila kufumbua macho, "Tumepumzika, mwanangu. Na wewe jaribu siku moja, una uso wa mtu aliyefungwa vifungo vibaya." Tangu hapo mtaani naitwa Mtoto wa Miguu Juu.

4. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa kubwa kuliko yote. Nimeacha nafasi.

5. Ajira. Huyo fundi cherehani alikuwa ananipa paja la kuku kila nikimpigia simu shuleni kwa mwanawe. Siku hizi anapiga mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Mwalimu, mwanangu anaumwa. Asante. Sasa fumbua macho." Akakata simu. Na mwalimu karidhika! Paja la kuku limekwenda hivyo.

Halafu kuna suala la daktari. Daktari alimwambia mama apunguze sukari. Mimi nikafasiri kwa busara, kwamba sukari yote iliyomo nyumbani akabidhiwe kijana. Mama akanikabidhi kopo, tukaishi kwa amani. Lakini darasa lako limeanza kufundisha na maswali, kitu ambacho hakuna mtu alikuomba. Wiki iliyopita mama kamuuliza daktari, yeye mwenyewe, uso kwa uso, kama sukari yake inanifaa. Daktari alicheka mpaka kile kiti chake cha ofisini chenye magurudumu kikaondoka naye. Kopo sasa liko juu ya kabati, na mimi nakunywa chai kama mfungwa.

6. Usalama wa nchi. Tulikwenda kugongewa muhuri kwenye ile ofisi yenye madirisha ya vioo, ambapo karani kazi yake ni kupiga kelele "Anayefuata!" Mama alipofika dirishani akamtazama kwa huruma. "Fumba macho. Toa pumzi. Zote." Karani akafumba. Wa nyuma yetu wakatoa pumzi. Wa nyuma yao wakatoa pumzi. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima na redio yake, akavua viatu. Muhuri tulipata, sikatai, tena uliogongwa vizuri, umenyooka. Lakini nakuuliza kama mtu mwenye akili: nchi ambayo walinzi wake wako peku na makarani wamefumba macho, italindwa na nani? Ikiwa mama mmoja kafanya hivi, na wewe unao ukumbi mzima, si mpaka mwisho wa mwaka hakutakuwa na mtu wa kufoka serikalini? Wafokaji nao wana watoto. Umewafikiria?

7. Sasa jambo lenyewe. Kwa ajili ya Alhamisi nilimwandalia mama hotuba. Hotuba kali, Mama Mratibu, ina machozi kwenye aya ya pili na mbwa kwenye aya ya tatu (mbwa hatukuwa naye, ila watu wa hapa wanapenda mbwa). Nilitaka aikariri. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Akasema, "Mwanangu, mkalimani wa ofisi atakuwepo nikikwama. Lakini mwanzo nasema mwenyewe. Maisha ni yangu, na mdomo ni wangu. Wewe kaa, pumua." Mimi nikapumue! Siku ya kuamua maisha yetu! Na je, akimwambia afisa alale chali? Akimwambia anyanyue nyonga? Tutapandishwa ndege tukiwa bado tunamweleza kwamba ni mazoezi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Darasa lifungwe mpaka mahojiano yapite. Likishindikana kufungwa, mama afundishwe sentensi moja tu, "Samahani, mwanangu atajibu", nayo afundishwe akiwa amesimama. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, mimi niajiriwe kuwa Mkuu wa Pumzi Msaidizi, nipewe kiti, filimbi, na paja la kuku.

Nisalimie Mama Pumzi, mwambie sina ugomvi naye binafsi. Nisalimie mwalimu wa lugha na ubao wake. Nisalimie mfagizi wa ukumbi, na akina mama wote walio chali na walio wima, na kengele isiyolia, kwa kuwa ni yeye peke yake hapo kwenu anayejua kunyamaza.

Ni mimi, kwa heshima na kwa njaa,
Mdomo wa Jengo Zima
(nimestaafishwa kwa lazima)

N.B. Barua hii sikuwahi kuileta, na leo ni Alhamisi jioni. Nimeona niongeze maneno machache hapa chini, maana karatasi nyingine sina.

Mama hakumlaza mtu chali. Alikaa, akanyoosha mgongo, akasema "Habari za asubuhi" vizuri kuliko mimi. Akasema alikuwa na duka la vitambaa, na lilikuwa mtaa gani, na liliungua vipi. Akamtaja baba yangu kwa lugha yao, bila kutetemeka, na nyumbani hata kwa lugha yetu huwa hamtaji. Alimhitaji mkalimani mara chache tu. Mimi nimekaa pembeni na hotuba yangu mfukoni (niliitoa chini ya meza, meza inayumba tena), nasubiri akwame nimwokoe. Hakukwama.

Kisha afisa akageuza kiti. "Na wewe, kijana? Wewe safari yako ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Najua maneno ya jino, ya bomba, ya sukari, ya mtoto wa fundi. Yote ya watu. Afisa akangoja. Mkalimani akanijaribu kwa Kiswahili, nacho kikagoma. Nikajua ndiyo hivyo, nimetuponza wote.

Mama akaweka mkono mgongoni kwangu, katikati ya mabega. Akasema kwa lugha yao, ili afisa asikie na asiharakishe: "Vuta. Shikilia. Achia. Tena." Nikavuta. Afisa naye akavuta, nimemwona, na mkalimani pia. Mara ya tatu nikaanza kuongea, kuanzia pale kwenye lori, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuitumia. Mbwa sikumtaja.

Majibu watatuletea. Basi usilifunge darasa, Mama Mratibu, na kama kuna kona ya mvulana, hata ile ya karibu na viatu, nitakuja na mkeka wangu. Mama anasema nikivuta pumzi napandisha mabega, na hilo ni kosa.

Lakini kosa lenyewe hasa halina namba huko juu. Nadhani ndilo lile la nne. Ni kwamba nimesemea jengo zima, na nilipoulizwa langu mwenyewe, sikuwa nalo hata neno moja.